Mbwa, Kisu na Ini: Historia ya Ugonjwa wa Hidatidi kutoka Iceland hadi Turkana

Miongoni mwa minyoo inayohamia kutoka kwa wanyama hadi kwa binadamu, tegu mdogo wa mbwa ajulikanaye kitaalamu kama Echinococcus granulosus ana historia isiyoweza kutenganishwa na historia ya uchinjaji. Tegu wengine wa binadamu hufikia urefu wa mita kadhaa, lakini huyu ana pingili tatu au nne tu na urefu wa milimita chache, mdogo kuliko punje ya mchele, naye huishi kwa maelfu katika utumbo wa mbwa bila kumdhuru sana. Mbwa ndiye mwenyeji wake wa mwisho, yaani mnyama ambaye ndani yake mnyoo hukomaa na kutaga mayai. Mayai hayo hutoka pamoja na kinyesi na kushika kwenye majani, maji na manyoya ya mbwa mwenyewe, kisha humezwa na kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia, ambao ndio wenyeji wa kati. Ndani ya mnyama huyo yai huanguliwa, kiluwiluwi hupenya ukuta wa utumbo na kuchukuliwa na damu hadi kwenye ini au mapafu, na huko hujijengea mfuko wa maji unaokua polepole mwaka baada ya mwaka. Mfuko huo ndio unaoitwa hidatidi. Mzunguko hukamilika pale tu mbwa anapokula ini au pafu lenye mfuko, na kwa mifugo jambo hilo hutegemea zaidi mtu mwenye kisu, ambaye baada ya kuchinja huchagua kipi kiende chunguni na kipi atupiwe mbwa.

Binadamu huingia katika mzunguko huu kwa bahati mbaya. Humeza mayai kwa mikono iliyomgusa mbwa, au kwa chakula na maji yaliyochafuliwa, kisha hupata mfuko uleule aupatao kondoo. Kwa kuwa mfuko hukua taratibu, mtu anaweza kuambukizwa utotoni na asihisi lolote hadi utu uzima, tumbo linapovimba au pumzi inapokuwa nzito. Ndani ya mfuko mmoja mna maji maangavu pamoja na vichwa vichanga vya minyoo visivyohesabika, ambavyo hutulia chini kama chembe na ambavyo wataalamu huviita mchanga wa hidatidi. Mfuko ukipasuka, maji hayo huweza kuuchafua mwili kwa ghafla kiasi cha kusababisha mshtuko wa mzio wenye kuua, na hata mgonjwa akinusurika, kila kichwa kilichomwagika huweza kuanzisha mfuko mpya. Hatari hiyo ndiyo iliyowafanya madaktari wauogope ugonjwa huu kwa muda mrefu, kwani kisu cha tabibu kikikosea kiliweza kuusambaza.

Waganga wa Ugiriki ya kale walikwisha kuona maini yaliyojaa maji, na katika karne ya 18 mtaalamu wa viumbe Peter Simon Pallas alitambua kuwa mifuko hiyo ilihusiana na wanyama hai, lakini uhusiano wake na mbwa ulibaki umefichika hadi miaka ya 1850. Kilichouficha ni imani iliyotawala sayansi ya Ulaya kwamba minyoo ya ndani ya mwili huzuka yenyewe kutokana na uchafu au udhaifu wa viungo, imani iliyofanya swali la chanzo chao lionekane halina maana. Nchini Ujerumani, tabibu Friedrich Küchenmeister na mtaalamu wa wanyama Carl Theodor von Siebold ndio walioivunja, kila mmoja kwa njia yake na kwa ushindani usiokosa uchungu, kwa kuwalisha mbwa mifuko iliyotolewa katika wanyama waliochinjwa na kisha kuyafungua matumbo yao ili kuona kilichoota. Siebold aliwalisha mbwa hidatidi za mifugo na kupata tegu wadogo waliokomaa, matokeo aliyoyachapisha mwaka wa 1853. Küchenmeister, aliyekuwa akimchunguza pia tegu wa nguruwe, alikwenda mbali zaidi: mwaka wa 1855 alimlisha mfungwa aliyehukumiwa kifo nyama ya nguruwe yenye viluwiluwi, na baada ya hukumu kutekelezwa akawakuta tegu wachanga katika utumbo wa maiti. Jaribio hilo lilithibitisha hoja yake, na hata baadhi ya watu wa zama zake waliona kuwa halikustahili kufanywa.

Maarifa hayo yalipata uwanja wake wa kwanza mkubwa nchini Iceland, kisiwa kilichokuwa wakati huo chini ya utawala wa Denmark, chenye wakazi wasiofika 70,000 na kondoo wengi mno kuliko watu. Ugonjwa ulikuwa umekaa huko karne nyingi, kwa maana wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta mifuko iliyogeuka chokaa katika mifupa ya watu waliozikwa kwenye monasteri ya Skriðuklaustur, mashariki mwa kisiwa, iliyoanzishwa mwishoni mwa karne ya 15. Daktari Peter Schleisner, aliyetumwa kuchunguza afya ya wakazi mwishoni mwa miaka ya 1840, aliripoti kwamba ugonjwa wa ini wenye mifuko ulikuwa wa kawaida kupita kiasi, na tabibu mwingine wa huko alikadiria kuwa mtu mmoja katika kila saba alikuwa nao. Makadirio hayo huenda yalivuka mpaka, lakini Jón Finsen, daktari wa wilaya huko Akureyri kaskazini, aliwatibu wagonjwa zaidi ya 200 katika muda wa miaka ipatayo kumi. Tiba aliyoitumia ilikuwa kuunguza ngozi ya tumbo kwa dawa kali, kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, hadi ini ligandamane na ukuta wa tumbo na mfuko uweze kufunguliwa nje bila maji yake kumwagika ndani. Ilikuwa tiba ya mateso, ingawa kwa hali ya upasuaji wa wakati ule ilikuwa na busara yake.

Mwaka wa 1863 serikali ya Denmark ilimtuma Harald Krabbe, mtaalamu wa tiba ya mifugo kutoka Copenhagen, aende kuchunguza mbwa wa kisiwa hicho. Krabbe aliwapasua mbwa 100 na kuwakuta 28 wakiwa na tegu wa hidatidi, kiwango kilichozidi mno kile alichokikuta Denmark. Naye pamoja na Finsen waliwalisha mbwa mifuko iliyotolewa kwa wagonjwa na kuthibitisha kuwa hidatidi ya binadamu na ile ya kondoo hutokana na mnyoo mmoja. Mwaka uliofuata kijitabu chake kilichofasiriwa kwa Kiiceland kilisambazwa bure katika kaya za kisiwa, kikieleza kwa lugha nyepesi chanzo cha ugonjwa na kuwasihi watu wafukie au wachome mifuko, wapunguze idadi ya mbwa na wasiwaache kulamba vyombo vya chakula. Sheria zikafuata: kodi ya mbwa mwaka wa 1869, na mwaka wa 1890 amri ya kuteketeza viungo vyenye mifuko na kuwapa mbwa dawa ya minyoo. Jiji la Reykjavík lilifika hatua ya kupiga marufuku ufugaji wa mbwa mwaka wa 1924, na marufuku hiyo haikulegezwa hadi mwaka wa 1984.

Matokeo yake yalionekana mezani pa Níels Dungal, mtaalamu wa maiti huko Reykjavík, aliyepekua kumbukumbu za upasuaji wa maiti kuanzia miaka ya 1930 na kuzipanga kwa mwaka wa kuzaliwa marehemu. Wazee waliozaliwa kabla ya kijitabu cha Krabbe walikuwa na mifuko kwa wingi, waliozaliwa katika miongo iliyofuata walikuwa nayo kwa kiwango kilichopungua kila muongo, na waliozaliwa baada ya 1900 ilikuwa nadra kuwakuta nayo. Katika makala yake ya mwaka wa 1957 Dungal alikipa kijitabu sifa kubwa, akisema kwamba kilipata watu waliojua kusoma na waliokuwa na jioni ndefu za baridi za kukisomea. Maelezo hayo yamerudiwa mara nyingi katika vitabu vya afya ya jamii, na ni rahisi kuona kwa nini yanapendwa, maana yanampa mwandishi wa vijitabu nafasi ya shujaa.

Hata hivyo maelezo hayo ni nusu ya habari. Katika miaka ileile ufugaji wa kondoo wa Iceland ulikuwa ukibadilika kwa sababu za kibiashara. Zamani kondoo jike walikamuliwa maziwa na kuachwa wazeeke, wakachinjwa nyumbani mbwa wakisubiri pembeni, na kondoo mzee ndiye mwenye mifuko mikubwa iliyokwisha kukomaa. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 soko la Uingereza liliwavuta wafugaji kwenye uuzaji wa kondoo hai na baadaye nyama ya wanakondoo, na mwanzoni mwa karne ya 20 vyama vya ushirika vilijenga machinjio yaliyowachinja wanyama wa umri wa miezi michache, ambao hata wakiwa wamemeza mayai hawakuwa wameishi muda wa kutosha kukuza mfuko wenye uwezo wa kumwambukiza mbwa. Kijitabu kilimfundisha mfugaji asimtupie mbwa ini bovu, lakini soko lilimwondolea ini lenyewe mkononi. New Zealand ilithibitisha jambo hilo kwa njia ya kinyume. Huko daktari mpasuaji Louis Barnett wa Dunedin alihubiri miongo kadhaa juu ya hatari ya kuwalisha mbwa matumbo mabichi, lakini kwa kuwa wafugaji waliendelea kuchinja mashambani, mafanikio makubwa yalikuja tu baada ya Sheria ya Hidatidi ya mwaka wa 1959 kuwalazimisha wamiliki kuwaleta mbwa wao mbele ya maofisa.

Wakati Iceland, kisiwa cha baridi, ilipokuwa ikiusahau ugonjwa, uligunduliwa kwa kiwango kisichokuwa na mfano katika nchi ya joto na vumbi iliyoko kaskazini-magharibi mwa Kenya. Waturkana ni wafugaji wa kuhamahama wa ngamia, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, na chini ya ukoloni wa Waingereza nchi yao ilikuwa wilaya iliyofungwa, ambayo mgeni hakuingia bila kibali, huku karantini za mifugo zikizuia wanyama wake wasifike kwa urahisi kwenye masoko ya kusini. Hospitali zilikuwa chache mno. Ni baada ya njaa ya mwaka wa 1961 ambapo vituo vya misheni vilienea Lodwar, Kakuma na Lokichoggio, na madaktari wakaanza kuwaona watu wenye matumbo makubwa kwa idadi iliyowashangaza. Mwaka wa 1963 George Nelson na Robert Rausch walichapisha uchunguzi wao juu ya maambukizi hayo kwa watu na wanyama nchini Kenya, ukionyesha kwamba mbwa wa Turkana walikuwa wamejaa tegu. Hesabu zilizofanywa baadaye kutokana na kumbukumbu za hospitali zilionyesha kuwa kaskazini-magharibi mwa wilaya watu zaidi ya 200 katika kila 100,000 waligunduliwa na ugonjwa kila mwaka, kiwango kilichotajwa kuwa cha juu kabisa kuwahi kurekodiwa duniani.

Sababu zilizotolewa zilihusu zaidi desturi. Wachunguzi waliandika kwamba mbwa wa Turkana hulala ndani ya kibanda pamoja na familia, hulamba vyungu na vibuyu, na hupewa kazi ya kumsafisha mtoto mchanga kwa kumlamba baada ya kujisaidia au kutapika, na kwamba ndiyo maana wanawake, wakaao na mbwa muda mrefu zaidi, waliugua kuliko wanaume. Calvin Macpherson aliongeza mwaka wa 1983 hoja kwamba, kwa kuwa zamani si kila maiti ilizikwa katika jamii hiyo, huenda hata binadamu aliyekufa na mifuko alikuwa chanzo cha maambukizi kwa mbwa na wanyama wa porini, jambo lisilojulikana kwingineko. Habari hizo ni za kweli kwa sehemu kubwa, ila zilivyosimuliwa mara nyingi zilimfanya msomaji wa mbali adhani ugonjwa umetokana na ujinga. Mama ambaye maji yako mwendo wa saa kadhaa, na ambaye kila debe alilobeba kichwani lazima linyweshe watu na ndama, hana maji ya kumwoshea mtoto mara nne kwa siku, na mbwa ndiye aliyekuwa jibu la tatizo hilo. Aidha mayai ya tegu hufa upesi kwenye ardhi yenye jua kali, na yalipona zaidi palipokuwa na kivuli na unyevu, yaani kibandani na kwenye visima vilivyochimbwa katika mchanga wa mito mikavu.

Ushahidi bora dhidi ya maelezo ya desturi peke yake ulitoka kwa Wamaasai, ambao mifugo yao ilikuwa na mifuko kwa wingi, hata kuliko ile ya Turkana, lakini ambao watu wao waliugua kwa kiwango cha chini mara kadhaa. Pale ukaribu na mbwa ulikuwa tofauti, bila shaka, lakini nchi pia ilikuwa tofauti, na vilevile urahisi wa kufika sokoni, hospitalini na kwenye maji. Jambo lisilopewa uzito unaostahili ni kwamba Turkana iliyofungwa na utawala ilibaki kuwa nchi ambayo mnyama huzeeka na kuchinjiwa nyumbani, sawa kabisa na Iceland ya kabla ya ushirika. Karantini iliyowekwa ili kulinda mifugo ya walowezi wa kusini iliwanyima Waturkana njia ileile iliyowasaidia wafugaji wa kaskazini mwa Ulaya kuachana na kondoo wazee.

Kazi ya kuutibu na kuuzuia ugonjwa iliangukia kwa kiasi kikubwa mikononi mwa AMREF, shirika la afya lililoanzishwa mwaka wa 1957 na madaktari wapasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, na ambalo lilifahamika kwa madaktari wake waliosafiri kwa ndege ndogo. Kwa miaka mingi ndege hizo zilipeleka wapasuaji Turkana, wakatoa mifuko, wakarudi Nairobi, na safari iliyofuata wakawakuta wagonjwa wapya wakisubiri. Mwaka wa 1983 shirika lilianza mpango wa kuzuia ugonjwa katika eneo la Lokichoggio, ukiongozwa kwa miaka mingi na Eberhard Zeyhle. Mbwa walipewa prazikwanteli, dawa ya minyoo iliyopatikana tangu miaka ya 1970, kila baada ya wiki sita, muda uliochaguliwa kwa sababu tegu huhitaji takribani wiki saba tangu kumezwa hadi kuanza kutoa mayai, hivyo dawa ilimkuta kabla hajawa hatari. Mbwa wasiotakiwa waliuawa kwa ridhaa ya wenyewe, na elimu ilitolewa chini ya miti na kwenye visima.

Mchango wa Turkana kwa elimu ya tiba ulitokea katika upimaji. Vipimo vya damu, vilivyotegemewa Ulaya, viliwakosa wagonjwa wengi wa huko, hata wale ambao mifuko yao ilishikika kwa mkono. Kundi la Macpherson na Zeyhle lilichukua mashine ndogo ya ultrasaundi, chombo kinachotumia mawimbi ya sauti kuonyesha viungo vya ndani, likaiunganisha na jenereta na kuwapima watu chini ya mti au kando ya gari. Kwa mara ya kwanza iliwezekana kuihesabu mifuko ndani ya watu waliojiona wazima, na katika maeneo yaliyoathirika zaidi ilionekana kwamba watu 5 hadi 10 katika kila 100 walikuwa nayo. Upimaji uliorudiwa kwa watu walewale ulionyesha pia kwamba mifuko mingine haikui kabisa na mingine hunywea na kufa yenyewe, habari iliyowaokoa wengi na upasuaji usio wa lazima. Pamoja na uainishaji uliotolewa na Hassen Gharbi wa Tunisia mwaka wa 1981, uzoefu huo ulichangia utaratibu wa Shirika la Afya Duniani wa kuamua ni mfuko upi ukatwe, upi utobolewe kwa sindano, upi utibiwe kwa vidonge vya albendazoli na upi uachwe.

Mpango wa mbwa haukupata ushindi wa aina hiyo. Familia zilihama kufuata mvua, uvamizi wa mifugo ukalifanya eneo la mpaka lisipitike kwa majira mazima, na vita vya Sudan vikaigeuza Lokichoggio, kuanzia mwaka wa 1989, kuwa kituo cha ndege za misaada, kisha mwaka wa 1992 kambi ya wakimbizi ya Kakuma ikafunguliwa. Miji ilizaliwa haraka kuliko machinjio, na mbwa wakapata mabaki mengi kuliko walivyowahi kuyapata nyikani. Pamoja na hayo yote ugonjwa ulipungua, kwani upimaji wa mwanzoni mwa miaka ya 2010 uliwakuta watu wapatao 2 katika kila 100 wakiwa na mifuko, ilhali katikati ya miaka ya 1980 walikuwa zaidi ya 5. Haiwezekani kugawa kwa uhakika sifa ya punguzo hilo kati ya dawa, elimu, vyoo, maji ya bomba na biashara ya mifugo, na anayedai mojawapo peke yake anarudia kosa la wanaokisifu kijitabu cha Krabbe.

Nchini Iceland kondoo wa mwisho kukutwa na mfuko alichinjwa mwaka wa 1979. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka wa 2010 imeziweka chini ya serikali za kaunti huduma za afya, tiba ya mifugo, machinjio ya kaunti na hata utoaji wa leseni za mbwa, mambo manne ambayo wakati wa ukoloni na miongo mingi baada ya uhuru yaligawanywa kati ya ofisi zisizosemezana au kuachiwa wafadhili. Kwa hiyo, tangu mwaka wa 2013 kaunti zilipoanza kazi, mamlaka ya kisheria juu ya mbwa, kisu na hospitali ya Turkana yako kwa serikali ya kaunti iliyoko Lodwar, na bajeti ya kaunti ndiyo itakayoonyesha kama yanatumika.